Nambari ya Bi Earline

Jumatatu, 18 Agosti

Muhula umeanza. Nimenunua daftari hili kwa sababu Dokta Yancey ameniambia niandike kila siku kitu ambacho si fizikia, "la sivyo utaniletea tasnifu ambayo hata mama yako hataweza kuisoma." Mama yangu hataisoma kwa hali yoyote ile. Ameshachapisha fulana thelathini na mbili zenye sura yangu kifuani na maneno DOKTA GAITHER, DESEMBA. Nimemwuliza kwa nini thelathini na mbili. Kasema binamu wa mji wa Mobile nao wanakuja.

Ratiba yangu ni hii: kumaliza uchambuzi mwisho wa Oktoba, kufungua bahasha ya nambari ya siri tarehe 14 Novemba, kutetea tasnifu, kuvaa joho tarehe 12 Desemba, na Januari kuripoti kazini kule magharibi, kwenye maabara iliyoniahidi meza yenye dirisha. Miaka sita nimefanya kazi chini ya ardhi. Nalitaka dirisha lile kuliko ninavyodiriki kukiri mbele za watu.

Joto halisemeki. Lami ya Alabama inanata kwenye viatu.

Alhamisi, 21 Agosti

Leo Bi Earline ameweka nambari ya siri. Niuandike utaratibu wenyewe, maana siku moja nitazeeka.

Tunapima muda ambao punje fulani za mionzi huchukua mpaka nusu yazo zioze. Ni sekunde kumi na nne na ushee, na huo ushee ndio ugomvi wote. Tunauhesabu kwa sehemu za elfu. Vitabu vinasema 270. Sasa, mtu akijua vitabu vinasemaje, na akijua yeye mwenyewe amepata ngapi, ataacha kutafuta makosa siku ile ile jibu lake litakapofanana na la vitabu. Hata awe mtu mwema kiasi gani. Kwa hiyo programu yetu huongeza nambari ya siri juu ya kila jibu, na sisi tunafanya kazi gizani hadi mwisho. Bahasha ikishafunguliwa hakuna kurudi nyuma. Kilichotoka ndicho tunachokichapisha, kizuri au kibaya.

Dokta Yancey anashikilia kwamba nambari ichaguliwe na mtu asiyejali jibu. Huyo ni Bi Earline Tolliver, katibu muhtasi wa idara tangu kabla sijazaliwa. Alitutoa chumbani, akachapa, akaandika karatasi, akailamba bahasha na kuitia mkobani.

"Bi Earline," nikamwambia, "nidokeze hata tarakimu ya mwisho."

"Mtoto wewe, nimetunza siri za wachungaji watatu. Nipishe nipite."

Kikundi chetu ni watu wanne, wanawake weusi pekee: Dokta Cordelia Yancey, mwenye maabara, Renita Fontenot wa Louisiana, aliyekwisha kupata udaktari na ambaye mdomo wake hauna mlango, mimi, na Keziah Mabry wa Mississippi, mwaka wa pili. Wageni wakija hutupiga picha. Sisi tungependa waulize swali.

Huyo Keziah nimempa jina la Mama Mara-Mbili. Kila kitu anakihesabu mara mbili, na ya pili huwa taratibu zaidi.

Jumanne, 2 Septemba

Mvua ya ngurumo. Mashine ya kukausha hewa chumba cha vipimo imegoma. Nimeipiga teke, ikawaka.

Jumamosi, 13 Septemba

Leo tulikuwa kwa Dokta Yancey kwa ajili ya kusukwa. Wamekuja wanne wa vyuo vingine, mmoja ameendesha gari kwa saa tatu kutoka Georgia. Dokta alisoma miaka sita mahali ambapo alikuwa peke yake, hana wa kumsuka wala wa kumwuliza, na alipopata nyumba aliapa kwamba Jumamosi mbili kila mwezi nyumba hiyo itakuwa ya wanafizikia wenye vichwa vya kusukwa. Sheria ni moja. Anayesukwa ndiye anayehojiwa. Huna ubao wala chaki, huwezi kugeuza shingo, huoni uso wa anayekuuliza. Unajibu kwa akili yako tu huku mtu amekushika kichwa.

Amehojiwa msichana wa Georgia, kuhusu aina moja ya mwanga wa leza. Alijikwaa mara moja, Renita akamvuta nywele, kila mtu akacheka, yeye mwenyewe wa kwanza.

Keziah aliuliza swali moja tu, nalo lilichukua dakika mbili kufika mwisho. Nilitamani kummalizia.

Ijumaa, 26 Septemba

Jibu langu, pamoja na siri ndani yake: 713. Halisogei. Nimebakiza masahihisho madogo madogo.

Jumatano, 8 Oktoba

Hakuna jipya. Keziah amepima urefu wa waya ambao niliupima mimi mwaka jana. Nimemwuliza kama ananishuku. "Hapana, dada. Napima tu."

Jumamosi, 18 Oktoba

Wikiendi ya Kurudi Nyumbani, sikukuu ya wahitimu wa chuo. Wahitimu wa miaka hamsini wamejaa uwanjani, bendi inapita, watoto juu ya mabega, moshi wa nyama kila upande. Naandika nikiwa nimejifungia garini.

Ilikuwa hivi. Bi Earline alikuwa chini ya hema la wahitimu, kofia ya zambarau kichwani, anakaanga kambare. Nilikuwa kwenye foleni na sahani yangu. Alikuwa anamsimulia mzee mmoja habari za nyumba ya kwao, mtaa wa Calhoun, iliyobomolewa ili barabara kuu ipite.

"Nambari 417," akasema huku akigeuza samaki. "Nyumba waliichukua, namba sikuwapa. Kufuli zangu zote ni 417. Sanduku la funguo ofisini, 417. Simu yangu, 417. Kila mtu akiniambia niweke namba, mimi naweka ile ile, waone watafanya nini."

Mzee akacheka. Mimi sikucheka. Akili yangu ilikuwa imeshatoa 417 kwenye 713 kabla sijaiambia iache. Imebaki 296.

Sikuomba kujua. Nilikuwa nasubiri samaki.

296 si 270. Kwa vipimo vya uhakika kama vyetu, ishirini na sita ni mbali mno. Ama vitabu vyote vimekosea, ama nimekosea mimi. Nimerudisha sahani mezani bila kula.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimeamua kwamba sijui kitu. Mtu hawezi kuthibitisha kwamba alichoweka Bi Earline ni 417. Naendelea na kazi kama kawaida.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimekipata!

Mashine yetu ikihesabu punje moja hupepesa jicho kidogo, na zinazopita wakati huo haizioni. Muda huo wa kupepesa lazima tuuweke kwenye hesabu. Tumekuwa tukitumia tarakimu ya kitabu cha mashine. Leo nimefukua daftari la zamani la maabara na humo kuna kipimo cha miaka mitatu iliyopita chenye muda mrefu zaidi. Mashine huzeeka, kwa hiyo tarakimu kubwa ina mantiki. Nikiitumia, 713 inakuwa 693.

Sitaandika hapa 693 ukitoa 417 ni ngapi. Nimekula vizuri leo, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua, siku ya tatu. Dokta Yancey amesoma sahihisho langu, ameuliza limetoka wapi. Nimemwonyesha lile daftari. Ameguna. Dokta akiguna, huwezi kujua amekubali au ana njaa.

Jumamosi, 1 Novemba

Baridi imeingia ghafla. Kule magharibi wametuma picha ya ofisi yangu. Dirisha linatazama mlima.

Jumanne, 4 Novemba

Nimejikuta nimekaa mbele ya lile daftari la zamani, nikijiuliza: kama 417 ingenipa 270 kamili tangu mwanzo, ningelifukua? Nikaenda kunywa kahawa. Nikarudi, swali bado limekaa pale pale.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo ilikuwa zamu yangu ya kusukwa na kuhojiwa, ya mwisho kabla ya bahasha. Nilikaa sakafuni katikati ya magoti ya Renita, rasta ndogo ndogo, kazi ya saa sita. Dokta Yancey alikuwa mezani anabangua njugu za pekani. Wageni walikuwa watatu. Keziah alikaa mahali fulani nyuma yangu; nilijua kwa sababu nilisikia karatasi zikifunuliwa mara mbili mbili.

Maswali yalianza mepesi, nikayajibu kama ninavyojibu siku zote, haraka, na kimzaha kidogo. Nilikuwa najisikia vizuri. Saa ya tatu Keziah akakohoa.

"Dada Darnetta. Ule muda wa kupepesa."

"Eeh."

"Ule mpya. Umeupima, au umeuchagua?"

"Umo kwenye daftari la maabara, Keziah."

"Nimeliona. Kwenye daftari umo huo, na kuna vipimo vingine viwili vya mwaka ule ule, vifupi. Kwa hiyo nauliza." Akanyamaza, nikadhani amemaliza, lakini Keziah hajawahi kumaliza unapodhani amemaliza. "Ulijuaje kwamba ni huo?"

Ningekuwa na ubao ningemgeuzia mgongo, nikachora kitu. Ningekuwa na shingo yangu ningemkazia macho mpaka ashushe yake. Kichwa changu kilikuwa mikononi mwa Renita, mbele yangu kulikuwa na ukuta na kalenda ya kanisa. Nilisikia pekani ikipasuka. Nilijua jibu la kusema, lilikuwa tayari mdomoni, zuri kabisa, na niliona aibu ambayo sijapata kuiona tangu utoto.

"Kwa sababu naijua nambari ya siri," nikasema.

Vidole vya Renita vikasimama.

"Usiitaje!" Dokta Yancey alisema, upesi sana. "Usiitaje hapa, wala kwa mtu yeyote. Umeijuaje?"

"Kwa bahati mbaya, siku ya Kurudi Nyumbani. Nilisikia kitu, nikajumlisha mwenyewe. Sikutafuta. Lakini nilipokwisha kujua nikatafuta sahihisho, nikalipata, na sasa sijui kama nimelipata kwa sababu ni kweli au kwa sababu nilikuwa nalitaka. Ningeweza kulitetea mbele ya mtu yeyote. Hilo ndilo linalonitisha."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu leo."

"Wiki tatu," Renita akarudia juu ya kichwa changu. "Na umekuwa ukinilia sandwichi zangu kana kwamba hakuna kitu!"

Hakuna aliyecheka. Dokta Yancey akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Kuanzia sasa hugusi takwimu," akasema. "Keziah ataanza upya tangu mwanzo, peke yake, na nambari mpya. Hutamsaidia, hutamwuliza amefika wapi. Earline nitamwambia tunahitaji bahasha ya pili, basi, hatajua sababu."

"Dokta," Renita akasema, "Desemba si itapita?"

"Kalenda ninayo."

"Na kazi yake je?"

"Nimesema kalenda ninayo, Renita. Msuke mtoto wa watu, usimwache nusu kichwa."

Basi Renita akaendelea, saa tatu nyingine, na hakuna aliyeniuliza swali tena. Nililia kidogo, machozi yanashuka moja kwa moja kwa kuwa sikuweza kuinamisha kichwa. Dokta hakunisifu. Nilitaka anisifu, naandika hivyo ili nisijidanganye. Alipokuwa ananifungulia mlango aliniambia tu nivae kofia, baridi kali.

Jumapili, 9 Novemba

Nimempigia Mama. Nikamweleza yote. Jibu lake: "Lakini fulana zina tarehe!"

"Najua, Mama."

"Kwa hiyo umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa. Nimesogeza mbele."

"Mtu amekugundua au umesema mwenyewe?"

"Nimesema mwenyewe. Kuna mtu aliuliza, nikasema."

Akashusha pumzi. "Mwaka ujao tutavaa hivyo hivyo. Atakayeuliza nitamjibu mimi." Kisha akaniuliza kama nimekula, akakata simu haraka. Mama akikata simu haraka huwa anakwenda kulia.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimewaandikia wa magharibi. Nimewaeleza kila kitu kwa sentensi sita.

Ijumaa, 14 Novemba

Leo ndiyo ingekuwa siku ya bahasha. Nimesahihisha kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Sitini na moja.

Jumatano, 19 Novemba

Kupitia kioo cha mlango namwona Keziah akifanya kazi. Haruhusiwi kutumia tarakimu yangu hata moja. Ameifungua mashine yote, ameleta vyanzo viwili vya mionzi, anahesabu cha kwanza, cha pili, kisha vyote viwili pamoja, ili aone mashine inapoteza ngapi. Anapima ule muda wa kupepesa mwenyewe. Ni kazi ya siku nne. Mimi nilifunua ukurasa.

Jumatatu, 24 Novemba

Wamejibu. Wanathamini uwazi wangu, na nafasi haiwezi kusubiri. Nimeisoma barua nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa. Nimejifungia chooni nikalia hadi pua ikaziba, nikanawa, nikaenda kufundisha.

Jumatano, 26 Novemba

Kesho ni Sikukuu ya Shukrani na Keziah hana gari, kwa hiyo nimempeleka kituo cha basi. Haturuhusiwi kuzungumza kazi. Tulizungumza namna ya kupika mboga za majani, yeye anaweka siki mwanzo, jambo ambalo familia yangu ingemfukuzia. Tulipofika hakushuka.

"Dada, unanichukia?"

"Nilikuwa nakuchoka," nikamwambia. "Kukuchukia, hapana. Kwa nini kila kitu mara mbili, Keziah?"

Akafikiria, kama kawaida yake. "Nikikosea mimi, hawasemi Keziah amekosea. Wanasema wale wasichana wa Yancey. Chuo kizima, wewe, Dokta, wote. Kwa hiyo naogopa."

Mimi naenda mbio kwa sababu hiyo hiyo hasa. Tangu darasa la tisa najibu kabla mtu hajapata muda wa kufikiri kwamba sijui. Mwaka na ushee tumekaa chumba kimoja, watu wawili wenye hofu moja, na mimi nikimcheka mwenzangu namna anavyoibeba. Nimemwomba radhi. Akasema basi lake linaondoka.

Jumatano, 3 Desemba

Mvua. Dokta Yancey ameniuliza kama nitafundisha darasa la mwaka wa kwanza muhula ujao huku nikisubiri kutetea tasnifu. Nimekubali. "Halina dirisha," akasema. Sikuwahi kumwambia habari za dirisha, ni Renita huyo.

Ijumaa, 12 Desemba

Leo ningevaa joho. Mvua imeacha saa tano, kwa hiyo wenzangu wamepiga picha nje.

Jumanne, 16 Desemba

Tumefungua.

Tulikuwa watano katika ofisi ya Dokta, mlango umefungwa. Keziah aliandika ubaoni jibu lake, pamoja na siri: 102. Akaandika tena juu yake. Bi Earline akachana bahasha ya pili, akavaa miwani, akasoma: "Toa mia moja sabini na nne." Yaani nambari ya siri ilikuwa imeshusha jibu badala ya kulipandisha. Keziah akajumlisha: 276. Akajumlisha tena, 276. Karibu na vitabu, na uhakika mkubwa kuliko wa vitabu. Renita akapiga vigelegele mpaka watu wa kemia wakagonga ukuta. Dokta Yancey alimshika Keziah mabega yote mawili.

Mimi nilipiga makofi kwa moyo mmoja. Halafu nikafanya hesabu yangu ya kimya kimya, 693 toa 417: 276, ile ile niliyokuwa nimeipata na sahihisho langu. Kumbe nilikuwa sahihi! Nimepoteza kazi na Desemba yangu kwa sahihisho ambalo lilikuwa kweli tupu.

"Na hii ya kwanza?" Bi Earline akauliza, ameshika bahasha ya Agosti. "Niitupe?"

"Darnetta aseme," akajibu Dokta.

"Fungua," nikasema.

Akaichana. "Ongeza mia nne thelathini na nane."

Nilidhani hajasoma vizuri. "Si 417?"

"417?" Alinitazama juu ya miwani. "Nambari ya kwetu? Mwanangu, hiyo hata mleta barua anaijua. Niweke siri yenu humo, mimi nina wazimu? Nilifumba macho nikafungua kitabu cha nyimbo za kanisani, nikaweka nambari ya wimbo nilioangukia."

Nilikwenda ubaoni kwa sababu miguu ilinipeleka. 713 toa 438: 275. Kazi yangu ya mwanzo, kabla ya siku ya samaki, imekaa bega kwa bega na ya Keziah. Chini yake nikaandika ile niliyoifanyia marekebisho, 693 toa 438. Imetoka 255.

Kipimo cha Keziah cha ule muda wa kupepesa kilikuwa kimelingana na kitabu cha mashine, tarakimu ile ile niliyoitupa.

"Kumbe hukuwa unajua kitu, dada," Keziah akasema polepole, bila kunicheka.

"Sikuwa najua kitu," nikasema. "Na nilikuwa na uhakika."

Tarehe 14 Novemba tungefungua bahasha ile, ingetoka 255, na kwa sheria yetu wenyewe tungeichapisha vile vile, ikiwa na majina manne chini yake.